Kona ya Kasikeu

Juzi, tukikaribia Kasikeu, dereva alilaani kona moja akisema haina maana. Nikamwacha aseme.

Nilikuwa mtoto, nimembebea mama uji shambani. Yeye na wenzake wa mwethya, kikundi chao cha kusaidiana kulima, walikuta vigingi vimepangwa mteremkoni, wakadhani afisa wa kilimo amewapimia mtaro wa kuzuia udongo. Walichimba wakiimba mpaka jioni, udongo mbichi ukinukia kama mvua.

Mpimaji wa barabara alipofika, aliketi chini akafunika uso kwa kofia. Nilidhani anatuombea.

“Mama, hapa ndipo barabara inapopita,” alisema hatimaye.

“Basi tufukie?” mama akamuuliza.

Alitazama viganja vyao kwa muda, kisha akang’oa vigingi, akaipinda barabara yake.