Oddny na Mistari Iliyonyooka Mno

Saa moja asubuhi, Jumatatu, Oddny Brekke amepiga magoti kwenye sakafu ya maegesho ya jengo la makazi mjini Bergen, Norway, pua karibu inagusa zege. Nyuma yake fundi Kjartan ameshika drili yenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza, anamsubiri ainuke.

"Mistari hii si yangu," anasema Oddny.

"Ya nani basi, ya malaika?"

"Sijui. Mimi tangu nizaliwe sijawahi kuchora mstari ulionyooka hivi."

Oddny, mwenye miaka hamsini na miwili, ana kazi ambayo mama yake mzazi huwaambia majirani kuwa ni ya kukata nyasi. Mama hana kosa. Mashine yake ya rada ina magurudumu manne na mpini, na Oddny hushinda akiisukuma polepole, mbele na nyuma. Ila chini yake hakuna nyasi, kuna zege. Mashine hutuma mawimbi ndani, nayo yakigonga chuma hurudi na kuchora kilima kidogo kwenye kioo. Kila kilima ni chuma. Oddny anatia alama ya chaki, anaendelea.

Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo imemwachia magoti mawili mabovu na tabia ya kutoiamini sakafu yoyote, hata ya kanisa.

Na ana haki. Chini ya sakafu hii kuna ghorofa nyingine ya magari na watu wanaoshusha mboga zao. Ndani ya zege, mbali na nondo za kawaida, zimepita nyaya nene za chuma zilizovutwa zikakaza kama kamba ya upinde. Hizo ndizo zinazobeba uzito. Ukikata waya mmoja kwa drili, waya huo unaweza kuchomoka ukamjeruhi mtu, na sakafu ikabaki dhaifu. Mwenye mtoto anayeshika drili na amwambie leo hii: zege halina sura ya kukuonya.

Ijumaa Oddny alipima sehemu zote ishirini na nne ambako wakazi wanataka vituo vya kuchajia magari ya umeme. Mistari myekundu ilionyesha nyaya, misalaba ya buluu ikaonyesha pa kutoboa. Akaenda nyumbani kuyachua magoti.

Alichosahau ni kwamba Jumamosi ilikuwa dugnad, ile kazi ya pamoja ya majira ya kuchipua. Wakazi wote hutoka na mafagio, na anayebaki ndani husalimiwa kwa ubaridi mpaka Krismasi.

Solfrid Haugland, mwenye miaka sabini na minane, ndiye kiongozi wa kazi hiyo. Anashuka sasa na chupa ya kahawa, uso umejaa fahari, na anaeleza kabla hajaulizwa. Sakafu waliisugua kwa sabuni mpaka ikang'aa. Walipomaliza ndipo mtu mmoja akauliza ile michoro ilikuwa ya nini. Basi, kabla ya kula soseji, kila mwenye gari alichora upya alama za sehemu yake, kwa kumbukumbu. Walitumia ubao mrefu kunyoosha mistari.

"Yako ilikuwa imepindapinda, binti yangu," anasema. "Tukakurekebishia."

Oddny anamuuliza kwa nini hawakupiga simu, maana namba yake imebandikwa mlangoni.

"Jumamosi? Mtu amepumzika kwake? Sisi hatusumbui watu."

Kjartan anasema alama ni alama, na yeye ana jengo jingine saa sita. Oddny habishani naye. Anamkabidhi mpini wa mashine, anamwambia aisukume mwenyewe juu ya msalaba aliotaka kuanza nao.

Anasukuma. Kilima kinajitokeza katikati ya msalaba. Kjartan anaiweka drili chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Kwa hiyo hapa ndipo ningekufa?"

"Hapana, hapo ni nondo. Hapo ungevunja drili tu. Kufa ni pale kwa Asbjørn, nimepapima kabla hujafika."

Asbjørn, tarishi mstaafu wa ghorofa ya tatu, hakutegemea kumbukumbu peke yake. Aliusogeza msalaba wake nusu mita ili mlango wa gari lake ufunguke vizuri. Umekaa juu ya waya uliopita sentimita nne tu ndani ya zege. Anaitwa, anashuka na ndala, anaomba wasogeze sentimita kumi tu, wakutane katikati.

"Katikati nako kuna waya mwingine," anasema Oddny.

Solfrid anauliza, kwa sauti ndogo sasa, chini ya pale ni pa nani. Asbjørn anatazama ndala zake. Ni pa binti yake Solfrid, ambaye kila asubuhi humfunga mtoto kwenye kiti cha nyuma papo hapo.

Hakuna anayetaja tena mistari kupinda.

Kupima upya kumekwenda mpaka saa tisa alasiri. Misalaba kumi na mmoja ilikuwa juu ya chuma, mitatu kati yake juu ya nyaya zenyewe. Jengo la saa sita limeahirishwa. Kjartan ndiye amesukuma mashine, na kila kilima anamwita Oddny aje kukiona.

Oddny amemwomba bosi wake kwamba kuanzia sasa kupima na kutoboa kufanyike siku moja. Bosi amesema atalifikiria. Yeye hangoji mawazo ya bosi.

"Siondoki tena mahali mpaka tundu la mwisho litobolewe," anasema, amekalia sanduku la mashine katikati ya maegesho huku drili ikinguruma. "Na dugnad ya mwakani nimeomba wanialike. Nimewaambia kazi ya kuosha sakafu waniachie mimi, peke yangu."