Nyanya Zilizofungwa Nailoni

Tulikuwepo mama yangu Martina, shangazi Tsere dada yake baba, jirani yetu Bura mwenye lori, na mimi. Siku hiyo niliikumbuka juzi, nilipoona dukani Karatu nyanya zimefungwa kwenye nailoni yenye matundu.

Kule kwetu Endamarariek mama alikuwa akipanga nyanya kwenye matenga, majani makavu chini na juu. Zilikuwa za kununulia sare yangu, niingie darasa la tano.

"Usizibane, ziache zipumue," aliniambia.

"Shangazi, kumbe nyanya zinapumua?"

"Tena hazikoromi kama wewe!"

Nikadhani kinachopumua husikia baridi. Walipoingia kunywa chai, nikazifunika zote kwa nailoni za mifuko ya mbolea, nikazikaza, nikarudishia majani juu.

Lori la Bura la kuzipeleka sokoni lilikwama kwenye tope, likafika kwetu siku ya tatu. Bura alipofungua tenga, harufu ya uchachu ilitufikia mlangoni.

Mama hakunipiga. Alisema, "Basi mwanangu, tutalima wote." Shule yangu ikaishia hapo.

Sasa najua zilioza kwa jasho lao zenyewe. Kama lori lilifika siku ya nne, anayekumbuka anisahihishe. Ila nailoni niliifunga mimi.