Nywele Nilizomnyima Baba

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nywele zangu za mbele zilipoanza kurudi nyuma. Baridi ya Sumbawanga ilinistiri: nilishinda sokoni kwenye biashara yangu ya mahindi, kofia ya sufu kichwani, na hakuna aliyeuliza. Shida ilikuwa Jumapili, maana kanisani mwanamume anavua kofia. Nikawa naingia wa mwisho na kutoka wa kwanza, watu wakadhani biashara imenikolea.

Mwishowe nilienda duka la dawa. Mfamasia, mama mmoja mpole, alinipa dawa ya maji ya kupaka asubuhi na jioni. Alisema mwanzoni nywele zinaweza kupukutika zaidi, nivumilie miezi kadhaa, na nikiiacha faida yote itapotea. Sikumwuliza hata swali moja. Nilitaka kutoka kabla hajaingia mtu anayenijua.

Mwezi wa nne wa kupaka vinyweleo vikachomoza, laini kama vya mtoto mchanga. Nilifurahi kipumbavu kabisa. Wiki hiyohiyo baba akafariki.

Nilishuka Kaoze, kijijini kwetu, kumzika. Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa tanga watoto wa marehemu hunyolewa kichwa, na wembe huanza na mtoto wa kwanza. Mtoto wa kwanza ni mimi. Baba mdogo aliweka kigoda uani, na beseni la maji na sabuni, akaniita. Nilifikiria miezi minne ya kupaka ikimwagwa na yale maji.

"Baba mdogo, nina ugonjwa wa ngozi kichwani," nikasema. "Daktari amenikataza wembe."

Uongo ulitoka bila kukwama. Baba mdogo alinitazama kidogo, akasema, "Basi tusimwumize mtoto." Akamwita mdogo wangu, naye akaketi mahali pangu. Walinyolewa wote, dada zangu na mama pia. Nikabaki mimi na nywele zangu, nikiwapokea wageni waliokuja kunipa pole mara mbili, ya msiba na ya ugonjwa. Picha za siku ile ninazo kwenye simu. Sizifungui.

Niliporudi mjini nilienda tena kwa yule mfamasia, na safari hii nikauliza kama mtu anayetumia dawa ile anaweza kunyoa.

"Nyoa tu," alisema. "Dawa inafanya kazi kwenye mizizi, ndani ya ngozi. Ukijikata, subiri kidonda kipone, halafu uendelee."

Nilimshukuru, nikatoka. Sijawahi kujichukia kama siku ile. Ningeketi kwenye kile kigoda na nisingepoteza chochote, lakini hilo halinipi nafuu, kwa sababu wakati nakataa niliamini ni lazima nichague, na nilichagua nywele.

Pasaka nilikwenda kumsalimia mama. Nywele zake zilikuwa bado fupi. Alipitisha vidole kwenye paji langu, ambapo zangu zilikuwa zimejaa kiasi, akatabasamu. Sikuwa nimemwona akitabasamu tangu msiba.

"Umepona, baba," akasema. "Kila nikisali rozari nilikuwa nakiombea hicho kichwa."

"Ndiyo, mama. Nimepona."

Jumapili alitoa jogoo altareni kumshukuru Mungu kwa kupona kwangu. Aliniomba nimbebee huyo jogoo, nikambeba.