Kioo Kisichofunguka

Mpaka leo nikisikia kitu kinagonga kioo, hata kama ni matone ya mvua, damu hunipanda. Wajukuu hudhani ni uzee. Uzee upo, lakini hilo si kosa lake. Kosa ni la ndege mmoja wa Isiolo aliyenigongea dirisha karibu mwaka mzima, na la watu waliokataa kumfukuza.

Niliolewa Isiolo miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikitokea Majengo ya Nyeri, mahali ambapo mtu hulala na blanketi mbili na bado huamka akitafuta sweta. Walipokuja kuniposa walisifu mambo mengi: ukoo, dini ya kijana, lori lake, mbuzi wao. Joto hawakulitaja. Nililikuta likinisubiri pale stendi, na kabla sijafika nyumbani buibui lilikuwa limenigandia mgongoni na nilikuwa nimeshamkasirikia kila mtu aliyekula pilau ya harusi yangu.

Mchwa nao walinikaribisha kwa namna yao. Mama alinipa sanduku la mbao la kuwekea nguo, kazi nzuri ya fundi wa kwetu. Nililiweka ukutani. Siku moja nikalishika pembeni nilisogeze, kidole kikazama ndani kama kwenye uji. Kumbe mbao zilikwisha zamani, kilichobaki kimesimama kilikuwa rangi. Nililia. Mama mkwe alinitazama, akasema, "Hapa mbao ni chakula. Hukuambiwa?" Sikuambiwa. Hakuna aliyeniambia lolote.

Mama mkwe alikuwa mjane, na mume wangu ndiye mwanawe wa pekee. Baba yake mama mkwe alikuwa mmoja wa wale askari wa Kisomali walioletwa na Waingereza, vita vikaisha wakabaki hapo na mifugo yao. Yeye alizaliwa na kukulia ndani ya herio, nyumba ya mikeka inayokunjwa na kupakiwa juu ya ngamia. Kwa hiyo mwanawe alipoanza kuendesha lori na kumjengea nyumba ya mabati, ilikuwa kama amemjengea ikulu. Mimi ningempa nyumba ya mabati anipe herio yake nilale humo, maana upepo hupita kwenye mikeka. Nilipolisema hilo aliona nimemtukana.

Na fahari ya nyumba yote ilikuwa kioo. Mume wangu alikitoa Nanyuki, kipande kimoja kikubwa, kimelazwa katikati ya magodoro mawili, akaendesha lori polepole mpaka abiria wakamtukana. Alikipachika mwenyewe kwenye ukuta wa chumba kikubwa, upande unakotoka upepo wa mchana, akakizungushia puti, ule unga laini wa kushikia vioo. Nilipomuuliza kinafunguliwa wapi, alicheka.

"Kioo ni ya kuona. Nani anafungua kioo?"

Mama mkwe alikisugua kila asubuhi kwa gazeti lililoloweshwa mafuta ya taa kidogo, mpaka kinang'aa. Wanawake wakipita kwenda kisimani walijitazama humo wakitengeneza mitandio yao, naye akiwaona hivyo alifurahi kuliko kusalimiwa.

Aliyejitazama zaidi ya wote alikuwa hondohondo, ndege wa kule nyikani mwenye mdomo mkubwa mwekundu uliopinda. Aliona mle ndani kuna hondohondo mwingine, jeuri kama yeye, naye akaapa kumuua. Akisimama kwenye fremu, anainamisha kichwa, anamtazama adui yake, kisha ko! Ko-ko! Ko! Kuanzia jua likichomoza hadi likizama. Adhuhuri kuku wamelala, mbuzi wamelala, mbwa wamelala, mtu hana nguvu ya kuinua kikombe, na ndege yule anagonga. Nilimtupia mawe, viatu, siku moja nilimtupia hata mwiko wenye ugali. Alikuwa akiruka hadi kwenye mti wa mgunga ulio uani, ananisubiri niingie ndani, kisha anarudi kazini.

Mama mkwe hakutaka afukuzwe kwa mawe, nisije nikavunja kioo.

Yote hayo ningeyavumilia kwa kulalamika tu, maana kulalamika ninakuweza. Lakini nilijifungua mtoto wa kiume, na alipoanza kujifunza kukaa, kiangazi kikaingia.

Asiyewahi kulala chini ya mabati ya Isiolo kabla ya mvua za masika asinieleze habari za joto. Mchana mabati yalilia, tak, tak, yakitanuka. Mtoto alijaa vipele vya joto shingoni na makwapani. Alinyonya kidogo, akaachia, akanitazama kama anayenidai maelezo. Mashavu yakaanza kupungua. Nikashikwa na hofu ya kweli. Kila nilipomvua nguo kumwogesha, mbavu zilikuwa wazi zaidi, na nilijua kwamba kikiendelea hivi, kiangazi kile kitamchukua mtoto wangu. Nikaomba ruhusa nimpeleke kwetu Nyeri mpaka mvua inyeshe.

"Huyu mtoto ni ya hapa," mama mkwe akasema. "Ukipeleka kwa baridi, akirudi jua itamuua. Wacha azoee."

Mume wangu akaangalia chini. Hakuwahi kumpinga mama yake, na siku mbili baadaye akapakia bidhaa zake kwenda Merti.

Basi nikatafuta hewa. Nilimtoa mtoto nje chini ya mgunga, nikatandika mkeka. Mchana mmoja nilipoinua mto wake mdogo, nge wa manjano alikuwa amejilaza chini yake, mkia juu, hana haraka. Nilipiga yowe lililoleta majirani. Mama mkwe akaamuru mtoto asitolewe tena nje. Nikafungua dirisha la pili, lile la mbao, lililokuwa nyuma. Siku ya tatu nikaingia chumbani na kumkuta tumbili ameketi kitandani, ameshika ncha ya shuka ya mtoto kwa vidole vyake kama mnunuzi anayepima kitambaa. Mwanangu alikuwa anamchekea. Mume wangu aliporudi alilipigilia dirisha misumari, akaona amemaliza kazi, akaondoka tena.

Ukabaki mlango, ambao ulielekea ukuta wa jirani na haukuleta chochote ila mbuzi. Na kioo. Upepo wa mchana ulikuwa ukivuma kutoka upande ule ule, mkali, nikiuona unavyoinamisha matawi ya mgunga, unafika kwenye kioo na kuishia hapo. Nilikuwa nauona upepo kwa macho na siupati. Sijui kama kuna mateso ya kijinga kuliko hayo.

Nilimwomba mama mkwe tukitoe kile kioo, hata kwa mwezi mmoja. Alinitazama kama niliyesema tumtoe mwanawe jicho. Nikaomba angalau tukifunike kwa kanga upande wa nje ili yule ndege atuachie usingizi.

"Kioo ya kufunikwa si ni ukuta?" akasema.

Nikaanza vita vya kimyakimya. Asubuhi akimaliza kukisugua, mimi nazunguka nje nakipaka majivu. Hondohondo anakuja, hamwoni adui, anaondoka, mtoto anapata usingizi. Halafu mama mkwe anapita, anaona uchafu, analaani vumbi la malori ya Garbatulla, anakisugua tena. Alijua vizuri kwamba vumbi la malori halina alama za vidole. Nami nilijua kwamba anajua. Hatukusemezana kuhusu hilo hata siku moja, lakini chai aliyonimiminia siku hizo ilikuwa nusu kikombe.

Na hakuwahi kuniita mwanawe. Kwa Kisomali mama ni hooyo, na mama naye humwita mtoto wake hooyo vilevile, neno moja linakwenda na kurudi. Mume wangu alikuwa hooyo, ndevu na lori lake. Mtoto alikuwa hooyo. Mimi nilikuwa "wewe wa Nyeri".

Siku yenyewe ilianza kama nyingine. Mume wangu alikuwa Merti. Kufikia saa sita maji ya mtungini yalikuwa moto kiasi cha kuchovya majani ya chai. Mtoto alilia asubuhi nzima, nami nililia naye kidogo, kwa hasira zaidi ya huzuni. Mama mkwe akatandika msala wake pembeni akaswali adhuhuri. Ndege anagonga. Ko. Ko-ko.

Kisha mtoto akanyamaza. Nilishukuru. Nilikuwa nimechoka kiasi hicho, nikashukuru. Mama mkwe ndiye aliyetoa salamu ya mwisho ya swala, akageuza kichwa, akabaki amekigeuza hivyo hivyo.

"Mbona mtoto hailii?"

Nikamshika. Ngozi ilikuwa kavu, inachoma kama sufuria. Nikamwekea ziwa mdomoni, mdomo haukufunga. Macho yalikuwa yamepanda juu, nikaona weupe mtupu. Nilimmwagia maji, maji yenyewe ya moto. Nilimpepea kwa sinia. Nilikuwa naita Mungu, naita mama yangu wa Nyeri, naita mume aliye Merti, naita ovyo.

Mama mkwe akasimama. Alimtazama mtoto, akatazama kioo. Nje matawi ya mgunga yalikuwa yamelala upande mmoja kwa upepo. Hondohondo alikuwa juu ya fremu, anatutolea lile jicho lake. Mama mkwe akatoka akaenda jikoni, akarudi na mchi wa kinu. Nikadhani, hatimaye, anakwenda kumuua yule ndege, na hata katika hali ile roho yangu ilifurahi.

"Hooyo, funika uso."

Niligeuka kuona anamwita nani. Mwanawe alikuwa Merti. Mjukuu wake alikuwa mapajani mwangu, hasikii kitu. Ndipo nikaelewa, nikamfunika mtoto uso kwa upindo wa kanga.

Alipiga mara moja katikati, kwa mikono miwili, kama anayetwanga mahindi ukutani. Kioo kikamwagikia nje. Akazungusha mchi kwenye fremu, akaondoa meno yote yaliyobaki, hakuacha hata moja. Na upepo ukaingia, na vumbi, na majani makavu, ukapita chumbani na kutokea mlangoni kama mtu aliyekuwa na haraka. Akavua mtandio aliokuwa ameswalia, akauchovya mtungini, akautundika kwenye lile tundu. Upepo ulipopenya kwenye kile kitambaa kilicholowa, ukaja baridi. Baridi ya kweli, ya Nyeri. Tulimlaza mtoto mbele yake, uchi, tukawa tunamlowesha na kuulowesha mtandio, tunamlowesha na kuulowesha mtandio.

Alipiga chafya. Kisha akakunja uso. Kisha akalia, kilio chembamba cha kuchukia dunia, na nilipompa ziwa akalishika mpaka likaniuma.

Watu hutarajia niseme kwamba nilimkumbatia mama mkwe. Sikumkumbatia. Nilikuwa nimefura. Nilikuwa nataka kumuuliza: mchi huu ulikuwa wapi mwezi uliopita? Wapi wiki iliyopita? Yeye aliketi sakafuni, kichwa wazi, nywele zake nyeupe ambazo sikuwahi kuziona, anatazama lile tundu. Nikayameza maneno yangu. Sikuyameza yote, mengine bado yapo.

Mume wangu aliporudi alisimama uani na mfuko wake begani.

"Nani amevunja kioo?"

"Ndege," mama yake akajibu, kabla sijafungua mdomo.

"Hiyo ndege?" Hondohondo alikuwa kwenye mgunga wake, anajichokoa bawa.

"Si unajua iko na kichwa ngumu."

Mume wangu akatazama vipande vilivyotapakaa mchangani, akatazama ndege, akatazama vipande tena. "Basi nitaleta ingine. Ile nene, kama ya lori."

"Usilete," mama yake akasema. "Itavunja tena."

Akaleta waya wa wavu badala yake. Lakini kabla haujapachikwa, hondohondo alikuja kama kawaida yake kupigana. Akasimama kwenye fremu, akainamisha kichwa, hakuna mtu. Akakigeuza upande huu na huu. Mwishowe akaruka ndani, akatembea sakafuni kama mpangaji anayekagua chumba, akamwokota mende karibu na mguu wa meza na kummeza.

"Ona," mama mkwe akasema. "Leo imefanya kazi."

Tangu siku ile nilikuwa hooyo, kwa hasira na kwa furaha, na chai yangu ilijaa kikombe. Tuliendelea kugombana kwa miaka. Mume wangu naye alisimulia kwa madereva wenzake habari za ndege aliyevunja kioo, na kila mara ndege alikuwa mkubwa kuliko mara iliyopita.

Mama mkwe alifariki miaka ya themanini, kiangazi. Mtoto yule alikuwa ameshaanza shule, mrefu, msumbufu, ndiye aliyembebea birika la maji wakati wa ugonjwa wake. Siku ya mwisho ya matanga, watu walipokwisha kuondoka, mume wangu alikaa kwenye mkeka akiuangalia ule wavu wa dirishani, ambao ulikuwa umeanza kushika kutu.

"Siku ile vipande vyote vilikuwa nje," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ni dereva. Vioo nimevunja mingi. Ukigonga kutoka nje, inaangukia ndani."

"Ndiyo, baba watoto."

"Basi hiyo ndege ilikuwa ndani ya nyumba."

"Ilikuwa ndani," nikamwambia. "Tena ilikuwa imetoka tu kuswali."