Harufu za Ghorofa Mbili

Jumamosi iliyopita, dukani hapa Gahanna ninakoishi siku hizi, mama mmoja aliangusha gudulia la kabichi ya kuchachushwa. Likapasuka, na harufu yake kali, inayochoma pua kama siki, ikatufikia sote tuliokuwa kwenye foleni. Wenzangu walirudi nyuma. Mimi nilibaki pale pale nikitabasamu peke yangu kama punguani, maana kwa dakika ile sikuwa Ohio tena. Nilikuwa Buffalo, msichana wa miaka kumi.

Buffalo tulifika wakati wa theluji, tukitoka kambi ya wakimbizi huko Kigoma. Wazazi wangu ni Warundi, lakini kambini walikaa miaka mingi, mimi na mdogo wangu Anitha tukazaliwa huko huko. Tulipangishwa ghorofa ya juu katika nyumba ya mbao, mitaa miwili kutoka Grant Street. Chini aliishi mwenye nyumba, mzungu wa miaka sabini na kitu aliyeitwa Rosemary. Mama alimwita Bibi Rozi. Hawakuwa na lugha moja. Wakikutana kwenye ngazi walitabasamiana, wakaonyeshana mawingu kwa kidole, kila mmoja akaenda zake.

Mkalimani wao nilikuwa mimi. Kiingereza cha shuleni kilinishika upesi kama mafua, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nasoma barua, napokea simu, na kumsindikiza mama kwa daktari. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sikuwa na hakika kama Wamarekani nao wameusikia msemo huo.

Majani yalipoanza kupukutika, harufu ngeni ikaanza kupanda kutoka chini kupitia matundu ya hewa ya moto yaliyo sakafuni. Mama aliinua zulia, akasogeza kabati, akitafuta panya aliyekufa. Baba alidhani ni bomba la maji machafu. Siku ya tatu mama akahitimisha kwamba bibi wa watu ana tatizo na anaona aibu kusema, basi jioni tukamwombea.

Hatukujua kwamba na sisi tulikuwa tukimpelekea ya kwetu. Nyuma ya mlango wa jikoni mama aliweka ndoo ya mihogo, akiiloweka siku kadhaa mpaka ilainike na kuchachuka, kisha akaianika kando ya tundu la hewa ya moto ili apate unga wa udaga. Jumamosi alikaanga dagaa kwa mawese. Kwetu, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya nyumba yenye amani.

Jumamosi moja mchana mlango uligongwa. Alikuwa Bibi Rozi, akisugua mikono kama mtu asiyejua aanzie wapi. Alizungumza polepole ili nimwelewe: kuna harufu inatoka huku juu, leo siku ya nne, na angependa kujua ni ya nini.

Mama akanitazama. "Anasemaje?"

Kambini niliwahi kuona tangazo limebandikwa, na kesho yake watu wakifunga magodoro kwa kamba. Kuhama nilikujua. Niliona tayari baba akishusha vitanda vyetu kwenye theluji.

"Anasema chakula chetu kinanukia," nikamwambia mama. "Anatukaribisha kwake tule pamoja."

Mama alinitazama tena usoni. "Mwambie tutakuja saa kumi."

Nikamgeukia Bibi Rozi nikamwambia kwamba saa kumi mama atashuka mwenyewe kumweleza. Nilijifariji kwamba nusu yake ilikuwa kweli.

Mama alifanya kazi mchana ule kama mtu anayepokea wakwe. Alisonga ugali wa udaga, akaunga dagaa kwa mawese na nyanya, akatupaka mafuta miguuni mpaka tukang'aa. Alivaa kitenge cha kanisani. Baba alikuwa kwenye zamu yake ghalani, kwa hiyo tulishuka watatu, mama mbele na sufuria imefungwa kwa kanga, mimi nyuma nikimwomba Mungu Bibi Rozi awe ametoka.

Hakuwa ametoka. Alifungua mlango akatukuta tumepambwa kama siku ya ubatizo. Mama akamsalimia kwa mikono miwili, akapita, akaiweka sufuria mezani na kuifunua.

Bibi Rozi aliinama juu ya mvuke ule. "Ndiyo hii?" akaniuliza. Nikaitikia kwa kichwa, nikisubiri kufukuzwa. Badala yake alianza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani. Akamshika mama mkono, akamwongoza kwenye ngazi za chini ya nyumba, sisi nyuma yao. Kule kulikuwa na mtungi mkubwa wa udongo, na jiwe juu ya kifuniko chake. Akaufunua; ndani mlijaa kabichi ya kuchachushwa.

"Yesu wangu," mama akasema, "kumbe ni hiki." Lakini hakukimbia. Alichungulia, akaomba kuonja, akatafuna akiwa amefumba macho. "Mwambie imechachuka vizuri," akaniagiza, kwa sauti ya fundi anayeikagua kazi ya fundi mwenzake.

Tulipokaa mezani Bibi Rozi akatusimulia mtungi ule ulikotoka, nami nikatafsiri huku dagaa wakipoa. Bibi mzaa bibi yake aliitwa Nora. Alikuja kutoka Ireland akiwa msichana, baada ya viazi kuoza ardhini na watu wa kwao kufa kwa njaa. Kaka zake walipakua ngano melini pale Buffalo, kando ya ziwa. Yeye akawa mtumishi katika nyumba ya watu. Mkate wa nyumba ile uliletwa na mwokaji kijana wa Kijerumani, Anton. Waireland na Wajerumani wa siku zile hawakupendana, hata kanisa kila kundi lilikuwa na lake, lakini mkate uliletwa kila asubuhi, na asubuhi ni nyingi. Wakaoana.

Mama mkwe wake Nora hakujua ila Kijerumani. Siku moja bibi huyo alikwenda kumuuguza dada yake. Nora akashuka chini ya nyumba, akakutana na harufu ya kabichi. Yeye aliyeviona viazi vikioza hakuhitaji kuambiwa. Akaimwaga yote uani, akausugua mtungi kwa maji ya moto mpaka ukametameta, akangoja kusifiwa. Ilikuwa kabichi ya familia ya msimu mzima wa baridi.

Mama mkwe aliporudi alipiga yowe. Mwenye lugha zote mbili alikuwa Anton peke yake. Akamwambia mama yake kwamba panya alitumbukia mtungini, na kwamba Nora aliwaokoa wote wasile sumu.

Hapo nikaacha kutafsiri, nikainamia sahani yangu.

"Endelea," mama akasema.

"Anton... hakutafsiri sawasawa, mama."

"Kwa nini?"

"Aliogopa mkewe atafukuzwa."

Mama akajiongezea kabichi kwenye sahani. "Basi alifanya vyema," akasema.

Bibi Rozi akamaliza kwa kusema kwamba mwaka uliofuata Nora alijifunza kukata kabichi na kutia chumvi, na tangu hapo kazi ile imepita mkononi mwa wanawake wanne mpaka kufika kwake. Kisha akauliza ugali unaliwaje. Mama akamfundisha kumega tonge, na alasiri ile mikono yote mezani ilinuka mawese. Kabla ya Krismasi ndoo ya mihogo ilikuwa imeshuka chini, imewekwa karibu na mtungi, na mama pamoja na Bibi Rozi walikuwa wakienda kuvikagua, wakibishana kwa lugha mbili na kuelewana.

Wazazi wangu sasa wanaishi Louisville karibu na ndugu zetu. Mwaka jana nilipokwenda kuwatembelea, nikiwa nachambua maharage na mama, niliamua kuungama. Nilimwambia kwamba siku ile Bibi Rozi hakutukaribisha.

Hakuacha kuchambua. "Alisema *simeli*," akajibu. "Hilo ndilo neno la kwanza la Kiingereza walilotufundisha, hata kabla ya kupanda ndege. Ukisikia *simeli* ya gesi, toka nje na watoto."

"Kumbe ulijua? Sasa kwa nini ulishuka?"

"Nilitaka amwone anayepika. Harufu isiyo na mtu ni uchafu tu. Ukimjua mwenyewe, inakuwa chakula."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote hiyo.

"Ungejua kwamba nasikia, ungeona aibu, ungeacha kunisemea," akasema. "Na mimi bado nilikuwa nakuhitaji."

Utoto wangu wote wa Buffalo nilidhani mimi ndiye niliyemkinga mama na maneno ya dunia. Kumbe mengine yalimfikia kabla sijafungua mdomo, naye akakaa kimya, akinitazama usoni, akinisubiri nichague nitakalomwambia.