Jina la Mungu Juu ya Kisu

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani Waislamu wana makundi mangapi. Nilimjibu kama chuo cha ualimu kilivyonifunza. Nilichora mstari ubaoni, nikaandika upande mmoja Masunni na madhehebu yao manne, ya Shafi, Maliki, Hanafi na Hanbali; upande wa pili nikaandika Mashia, wenye matawi ya Ithnaashari na Ismailia; na pembeni, peke yao, Maibadhi. Mwanafunzi alinakili, akaridhika. Mimi sikuridhika. Nikiwa bado nimeshika chaki nilihisi harufu ya nyama mbichi na ya vumbi lililonyunyiziwa maji, nikajua kwamba jibu langu halikuwa na mtu hata mmoja ndani yake. Niruhusu basi, ndugu msomaji, nikueleze jambo hili kwa njia ndefu zaidi, kama nilivyolijua kabla sijajua majina yake.

Nilikulia Dodoma zamani za Wadachi, yaani Wajerumani, reli ilipokuwa ngeni na watu bado wakitoka nje kulitazama garimoshi likipita. Babu na bibi yangu walikuwa wametoka Kondoa, wakajenga karibu na stesheni, kati ya tembe za Wagogo na mstari mfupi wa maduka. Asubuhi ilianza kwa mlio wa mawe ya kusagia uwele, kisha kengele za ng'ombe wakipelekwa kwenye visima vilivyochimbwa katika mchanga wa korongo. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji, kuanika mlenda juu ya paa la tembe, na kuufukuza upepo, kama bibi alivyopenda kusema, maana upepo wa huko ukiachiwa unga unaondoka nao.

Msikiti ulikuwa mmoja tu, wa miti na udongo, na kwa kuwa ulikuwa mmoja, kila aliyeshushwa na reli aliingia humo na namna yake ya kusali. Sisi wa Kondoa tulifunga mikono kifuani. Mwarabu mwenye duka la chumvi aliiachia mikono yake ikaning'inia ubavuni, na sote tulipoitikia “Amin” kwa sauti, yeye alinyamaza. Mhindi muuza vitambaa hakuja msikitini, bali mara moja, mlango wake ukiwa wazi, nilimwona akisujudu juu ya kipande kidogo cha udongo mkavu. Mimi nilizikusanya tofauti hizi kama wenzangu walivyokusanya mbegu za kuchezea bao. Nilitaka kujua ni nani aliyemfundisha kila mmoja, na kwa nini Mungu hakuonekana kuudhika.

Aliyenivutia kuliko wote alikuwa mchinjaji wetu. Alikuwa mzee Mnubi, aliyeletwa zamani kuwa askari wa Wadachi, na ingawa jeshi lilikuwa limekwisha kumwachia, tuliendelea kumwita kwa cheo chake, Shaushi. Waislamu wote wa mji walimtegemea yeye kwa nyama. Alitembea kana kwamba bado anapigiwa ngoma ya gwaride, na watoto tulipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba bila kugeuza shingo.

Jioni moja bibi alinituma kwake nichukue utumbo. Nilimkuta nyuma ya kibanda, ameanza sala ya magharibi, nikangoja. Mikono yake ilikuwa chini kama ya Mwarabu, na hilo halikunishangaza. Lililonishangaza ni kisomo. Sisi tulifunzwa kuianza Fatiha kwa Bismillahi, na aliyeiruka alirudishwa mwanzo kwa kiboko. Shaushi alisema Allahu akbar, akaanza moja kwa moja na Alhamdulillahi. Nilitega sikio katika rakaa ya pili, ikawa vilevile.

Kesho yake nikauliza kwenye chuo cha Kurani. Mwalimu wetu alikuwa safarini Kondoa, na chuo kilikuwa mikononi mwa mwanafunzi mkubwa, kijana mwenye sauti nzuri na haraka nyingi ya kuhukumu. Nilimweleza nilichosikia, kisha nikaongeza swali ambalo kwangu lilikuwa la kawaida kabisa: ikiwa Shaushi halitaji jina la Mungu mbele ya Fatiha, je, hulitaja mbele ya mbuzi?

Kijana yule hakusema hajui. Alisema nyama isiyotajiwa jina la Mungu ni mzoga. Watoto thelathini wakarudi majumbani na neno hilo.

Siku ya tatu nyama ilining'inia kibandani mpaka jioni, ikawa ya nzi. Siku ya nne Shaushi hakuchinja. Watoto walimpita wakiimba “Shaushi bubu, Shaushi bubu”, wakakimbia, naye hakuwafukuza. Alikaa mbele ya kibanda akinoa kisu ambacho hakikuwa na kazi. Mimi nilizunguka njia ya mbali nisimwone.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yamefungana. Babu alikuwa amefariki, na bibi alikuwa amekusanya mchele na samli kwa hitima yake, siku ambayo jamaa na majirani wangemsomea marehemu Kurani na kulishwa kwa ajili yake. Hitima bila nyama ingekuwa aibu. Hitima yenye nyama ya Shaushi, watu wangeinuka bila kuonja. Nilimkuta bibi akipepeta uwele, nikamwambia kwamba aliyeanzisha maneno yale ni mimi.

“Najua,” akasema, bila kuacha kupepeta. “Swali lako lilifika hapa kabla yako.”

Alisema kuuliza si kosa. Kosa langu ni kwamba nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwa mwenye jibu, nikaenda kumwuliza mwingine.

Mwalimu aliporudi, miguu yake ikiwa bado na vumbi la njia, bibi alimpa maji akanywa, kisha akanisukuma mbele. Mwalimu alinihoji taratibu kama shahidi wa barazani. Nilisikia nini? Nikamwambia. Nilisikia sala? Ndiyo. Nilisikia kisu? Hapana. Alimrudishia bibi kata ya maji.

“Basi umetuletea nusu ya habari, na mji mzima umeila,” akasema. “Kesho alfajiri utakwenda kuchukua nusu iliyobaki.”

Nilikwenda na bibi, tukimkokota mbuzi wa hitima. Shaushi alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, na nikaona kwamba anajua. Hakunikemea. Alimlaza mbuzi kuelekea kibla, akamfunika jicho kwa sikio lake, akashika kisu, kisha akangoja.

“Sogea,” akasema kwa Kiswahili chake cha kambini. “Karibu zaidi. Usije ukasema tena umesikia toka mbali.”

Nilisogea hata pumzi ya mbuzi ikanigusa mguu. Ndipo akasema Bismillahi Allahu akbar kwa sauti ya gwaride, ikapita ua, ikapita maduka. Nadhani waliokuwa stesheni waliisikia. Mkono wake ulikuwa mwepesi.

Adhuhuri, kabla Kurani haijaanza kusomwa, mwalimu alinisimamisha mbele ya watu nikaeleza nilichosikia, sala na kisu. Kisha akazungumza yeye. Alisema Shaushi ni mtu wa madhehebu ya Maliki, na kwao Bismillahi haisomwi katika sala ya faradhi, wala mikono haifungwi, nao wana hoja zao za karne nyingi. Akaeleza kwamba kwetu sisi wa Shafi, Mwislamu akichinja bila kutaja jina la Mungu nyama yake huliwa, lakini kwao Wamaliki anayeliacha kwa makusudi ameiharamisha nyama.

“Mliyemshuku,” akasema, “ndiye ambaye sheria yake inambana zaidi yetu. Na imamu wetu Shafi, kabla hajawa imamu, alikaa chini kama mwanafunzi mbele ya imamu wake Maliki.”

Sinia zilipoletwa, Mwarabu wa chumvi alinyoosha mkono kwanza, akachukua pande la nyama, akaanza kula huku akimtazama mwanafunzi mkubwa. Wengine wakafuata. Kijana yule alikula wali mtupu mpaka mwisho, na ukweli unanidai niseme kwamba hakuwa peke yake.

Shaushi hakuja. Bibi alimwita mara mbili, naye mara mbili akajibu kwamba ana kazi. Nilipelekwa na bakuli lake. Alilipokea, akala akiwa amesimama, akanirudishia. Njiani kutoka nyumbani nilikuwa nimetunga maneno ya kumwomba radhi. Nilipofika mbele yake yalinishinda, nikauliza badala yake ni nani aliyemfundisha kusali. Alifikiri, akasema ni mama yake, kando ya mto mkubwa, na kwamba sura yake amekwisha kuisahau ila sauti yake akisoma anayo. Sijasikia jibu bora zaidi la swali hilo, na nimesoma vitabu vingi tangu hapo.

Vita vilipokuja, Wadachi walimrudisha jeshini, akaondoka na kundi lililokwenda magharibi. Radhi yake sikuiomba. Mwalimu na bibi walichukuliwa na njaa iliyofuata, na msikiti wa udongo ulianguka mvua moja kubwa, hakuna aliyebaki na nguvu za kuukandika.

Siku hizi mji umeongezeka na kila kundi limejitosheleza. Wahindi wana nyumba zao za ibada, sisi tuna msikiti wa mawe, Waarabu husali kwao, na kila mmoja ana mchinjaji wake. Wapo wanaoliita hilo amani, nami sipendi kubishana na amani. Ila najua kwamba hakuna mtoto wa leo awezaye kukosea kama nilivyokosea, kwa sababu hakuna anayesimama karibu na jirani yake kiasi cha kuisikia sala yake.