Fundi wa Maji Aliyefanana Nasi

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza Newala. Kiingereza nilikipata shule ya misheni kule Masasi, kwa hiyo nikaombwa nimtafsirie fundi aliyekuwa anakuja kupima njia ya bomba la maji. Tulitazamia Mzungu. Akashuka kwenye Landrova mtu mweusi kama sisi, kaptura ya kaki, viganja vigumu kama vya mkulima.

Bibi yangu mzaa mama akamsemesha Kimakonde. Yule bwana akatabasamu tu. Bibi akachukia.

"Huyu anajidai. Anaificha lugha ya mama yake."

Nikamweleza kwamba ametoka visiwa vya mbali, ng'ambo ya bahari; wazee wake walichukuliwa utumwani, lugha yao ikapotelea huko. Bibi akavitazama viganja vyake.

"Na kazi hii kafundishwa na nani?"

Nikamuuliza. "Nimeisomea," akajibu. "Mama yangu alifua nguo za watu ili nisome."

"Basi mwambie kesho aje tuteke maji pamoja."

Ramani aliyokabidhiwa ilionyesha bomba likiishia kwenye nyumba za wakubwa wa serikali. Alfajiri alishuka nasi bondeni na debe lake. Wakati wa kupanda aliteleza mara mbili, maji yakamlowesha, wanawake tulioteka nao wakacheka mpaka wakaketi chini. Alipofika juu, akihema, akaniambia, "Mwalimu, waulize wanataka bomba liwe wapi."

Hatukuwahi kuulizwa. Wakabishana asubuhi nzima, wakachagua njia panda karibu na soko.

Yeye naye alibishana na wakubwa wiki kadhaa, mpaka wakakubali. Bomba likajengwa njia panda. Akawafundisha vijana watatu wa kwetu kazi ya mashine ya kusukuma maji kutoka bondeni, na hakuondoka mpaka walipoifungua yote na kuirudisha bila yeye kuigusa.

Alipoaga alisema anakwenda Afrika Magharibi, kwenye nchi iliyojitawala karibuni, nako wanahitaji maji. "Na ninyi mtajitawala," akaniambia mbele ya karani wa serikali, bila kupunguza sauti. Nilisikia mgongo wangu ukinyooka.

Mashine ile iliharibika mara nyingi baadaye, na kila mara wale vijana wetu waliitengeneza. Bibi alisimama pembeni akisubiri, akimwambia kila mgeni kwamba bomba lile tulijengewa na mtoto wetu.